Kabla mbao hazijafika Likasi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Jimbo mwenye kazi ya miji na makazi,
Kwa Mheshimiwa Meya wa Likasi,

Waheshimiwa,



Nawaandikia kutoka Kikula, hapa Likasi, juu ya jambo ambalo kwetu halijawa amri wala mkataba, na ndiyo sababu naliandika sasa. Katika nchi hii mradi wa nyumba humfikia raia ukiwa umekwisha kutiwa sahihi. Kiwanja kimechaguliwa, mjenzi amepatikana, bei imepangwa, na sisi tunaitwa kupiga makofi siku ya jiwe la msingi. Wazo la nyumba za mbao, yaani serikali ichukue mbao au paneli zilizokatwa tayari na kusimamisha makazi mamia kwa miezi michache, linatembea Afrika nzima. Zanzibar wanajenga kwa mbao kule Fumba, na mwaka 2021 walitangaza mnara wa ghorofa 28 wenye mbao nyingi ndani yake, wakauita Burj Zanzibar. Goma watu wanalala ndani ya kuta za mbao tangu zamani. Na Kinshasa, wakubwa wa makazi wamezoea kutuambia kwamba taifa linapungukiwa nyumba karibu milioni 4. Penye njaa ya namna hiyo, mtu yeyote atakayekuja na picha ya nyumba inayosimama kwa wiki moja atapewa kiti na chai. Siku atakapofika mlangoni kwenu, naomba muwe mmekwisha kuisoma barua hii.

Sina ugomvi na mbao. Nasema mapema, maana hapa ukitaja nyumba ya mbao watu wanacheka kwanza. Nyumba ya mbao, Katanga? Mchwa watamaliza sebule kabla ya harusi kuisha! Kicheko hicho kina asili yake. Mtoto aliyezaliwa katika mji wa kampuni ya migodi ya Union Minière alifundishwa kwamba nyumba ya mtu ni tofali na manjanja, yaani mabati, na kwamba ubao ni wa kibanda cha sokoni, wa banda la kuku, au wa mtu ambaye bado hajajipanga. Lakini watu wa pwani walikata boriti za mikoko wakazilaza kwenye dari za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu, na dari hizo zimepita vizazi. Uingereza, baada ya vita kuisha mwaka 1945, ilinunua nyumba za mbao kutoka Sweden ili kupunguza uhaba, na baadhi yake zinakaliwa hadi leo. Mti uliochaguliwa vizuri, ukakaushwa, ukawekwa mbali na maji, unaweza kumzika mwenye nyumba. Ninachowadai ni hesabu, na hesabu yenyewe ianze kwa tofali, maana hapo ndipo tunapojidanganya.

Anayetoka Lubumbashi kuja kwetu kwa barabara ya taifa namba 1, kilomita 120 hivi, anaviona vichuguu pande zote mbili, vingine virefu kuliko nyumba ya kambi ya wafanyakazi. Mji huu umetoka ndani ya vichuguu hivyo. Fundi matofali hachukui udongo wowote tu. Anatafuta kichuguu, kwa sababu mchwa wamekwisha kumchambulia udongo miaka na miaka, wakapandisha juu ule laini unaoshikana. Anaumwagia maji, anaukanyaga, anaufyatua ndani ya kibao, anauanika na kuufunika kwa nyasi. Kisha anapanga tanuri, anaacha mashimo chini, anaipaka tope kwa nje. Hapo ndipo miti inaingia, na si vijiti vya kuchemshia ugali. Ni magogo, mchana na usiku, kwa siku kadhaa, mpaka rangi igeuke. Kiangazi kikikolea, kati ya mwezi wa 6 na wa 9, moshi wa matanuri unakaa pembeni ya mji, nasi tunausifu kwa sababu ni dalili ya watu kujenga.

Basi nyumba ya mbao inaonyesha miti yake ukutani, na kila mpita njia anaihesabu na kulalamika juu ya msitu. Nyumba ya tofali choma imeichoma miti yake kabla msingi haujachimbwa, halafu tunaiita nyumba isiyo ya mbao. Ofisi zenu zina watu wa mazingira na watu wa ujenzi. Wawekeni meza moja, mwite na wasomi wa kilimo na misitu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ambao wameuchunguza msitu wetu wa miombo kwa miaka mingi, mjibu jambo moja dogo: nyumba ya vyumba vitatu ya tofali choma inakula miti mingapi, na ya mbao mingapi? Jibu likija, litangazeni redioni, hata kama litatuaibisha sisi wapenzi wa tofali.

Msisahau kuyaweka makala, mkaa wa kupikia, ndani ya hesabu hiyo. Mabwawa ya Mwadingusha na Koni yako karibu nasi kwenye mto Lufira, mitambo ya Mwadingusha inazunguka tangu 1930, lakini umeme wa Snel ukienda migodini kwanza, mama wa Kikula anabaki na mbabula yake, jiko la makala. Kila asubuhi baiskeli zinaingia mjini zikiwa zimebeba magunia ya makala mpaka dereva haonekani. Msitu unaotakiwa kutoa kuta za mbao ndio huo huo unaopika ugali, unaochoma tofali, na unaofyekwa kwa mashamba ya mahindi. Na mkula, mti mwekundu ambao ungefaa milango na vitanda vya watoto wetu, tumeuona tangu katikati ya miaka ya 2010 ukikatwa upande wa Kasenga na kupakiwa kwenye malori kuvuka Zambia hadi China, mpaka mwaka 2019 mataifa yakauweka katika orodha ya mkataba wa CITES ili biashara yake ichungwe. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba mbao zipo porini, zinangojea shoka tu, mwonyesheni mlango.

Kuhusu mchwa sitawachosha. Ni adui anayejulikana, na mafundi wetu wanajua njia zake kuliko mhandisi wa ng'ambo. Mchwa wa Katanga anapanda kutoka chini, ndani ya kijia cha udongo anachojijengea, kwa sababu hapendi mwanga wala ukavu. Nyumba ikikalia nguzo au ukuta mfupi wa mawe na simenti, sakafu ikiwa juu ya ardhi kiasi cha mtu kuweza kuinama na kuchungulia, kijia hicho kitaonekana na kuvunjwa. Nyumba ikilazwa moja kwa moja juu ya udongo ili kupunguza bei, msitafute mchawi. Mbao zenyewe zinatakiwa kupewa dawa kiwandani, kwa shinikizo, kama nguzo za umeme zinavyofanyiwa. Oili chafu ya magari ambayo watu wengi hupaka inanuka vizuri kwa mwezi mmoja na haifiki ndani. Dawa hiyo ina gharama. Mkiona bei ya nyumba ya mbao iko chini ajabu, ulizeni dawa imekaa katika mstari gani wa bei.

Mimi naogopa moto zaidi kuliko mchwa.

Tuwatazame ndugu zetu wa Kivu, kwani wao ndio wenye ujuzi wa nyumba za mbao katika nchi hii. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulimwaga moto katikati ya mji, na watu waliporudi juu ya lava iliyopoa, wengi walisimamisha kuta za mbao juu ya misingi ya mawe hayo hayo meusi, kwa kuwa ilikuwa njia ya haraka na rahisi. Wakaishi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukatapika tena, maelfu ya nyumba za upande wa Buhene zikaenda, na mbao zikarudi kazini. Siwezi kumcheka mtu wa Goma; mbao zilimfunika wakati serikali ilikuwa mbali. Lakini nendeni na Bukavu, muulize kule Kadutu. Nyumba za mbao zimebanana kwenye mteremko, njia ya katikati haipitishi hata mkokoteni, na moto wa mshumaa mmoja unaondoka na mtaa. Kila mwaka habari hizo zinatufikia. Nyumba hizo hazikuunguzwa na mbao peke yake. Ziliunguzwa na mpangilio: ukuta umegusa ukuta, maji hakuna, gari la zimamoto halina pa kupita.

Likasi bado ina nafasi, na hiyo ndiyo mali yetu kubwa. Kwa hiyo kabla ya kuchora nyumba, choreni njia. Mita ngapi kati ya ukuta na ukuta? Bomba la Regideso lenye maji liko wapi? Mwezi wa 6 na wa 7, baridi yetu ikishuka, familia huingiza mbabula chumbani. Ndani ya nyumba ya tofali jambo hilo tayari linaua kwa hewa mbaya. Ndani ya nyumba ya mbao litaua kwa njia mbili. Mradi usio na umeme wa uhakika na jiko la nje lenye ukuta wa tofali na paa lake, tafadhali msiuzindue.

Niseme pia neno juu ya nyumba zinazokuja ndani ya kontena. Mnaikumbuka programu ya siku 100 za Rais Félix Tshisekedi, mwaka 2019. Ndani yake mlikuwa na nyumba 1,500 za kupachikwa kwa ajili ya mikoa. Mambo yake yaliishia mahakamani: tarehe 20 Juni 2020 Vital Kamerhe, aliyekuwa mkurugenzi wa ofisi ya Rais, alihukumiwa miaka 20 pamoja na mfanyabiashara mmoja kwa tuhuma za kuiba karibu dola milioni 50, rufaa ikapunguza, na mwaka 2022, baada ya Mahakama ya Kasasio kuivunja hukumu, akaachiliwa huru. Mahakama imemaliza kazi yake, mimi siifufui. Ninachokumbuka ni sisi wasikilizaji. Kesi ilipoonyeshwa kwenye televisheni, wakati wa korona, hapakuwa na hata mmoja kati yetu aliyeweza kusema paneli moja ya nyumba ile inatakiwa kugharimu kiasi gani. Dola elfu? Elfu tano? Tulikuwa vipofu. Lakini waulizeni akina mama wa soko la Likasi bei ya tofali elfu moja, ya mfuko wa simenti kutoka Zambia uliopita Kasumbalesa, ya shiti ya manjanja. Watajibu wote, na mkiongeza faida ya kupita kiasi watawacheka usoni. Raia anayeijua bei ya kitu ni mkaguzi asiyelipwa mshahara. Nyumba ya mbao ikatwe hapa, na maseremala wa hapa, kwa bei inayobandikwa kwenye mlango wa kila komini, na wakaguzi mtakuwa nao kwa maelfu.

Sasa niingie ndani ya mji, kwa sababu nadhani shida yetu ya nyumba inasimuliwa vibaya. Inasimuliwa kama hesabu ya kuta zinazokosekana.

Union Minière, iliyoanza 1906, kwanza iliwaweka wafanyakazi wake katika vibanda, wanaume peke yao, wanakufa na kutoroka. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikabadili akili: ikaamua mfanyakazi akae miaka, aje na mke, azae. Ikajenga kambi. Hapo Panda na Shituru, karibu na viwanda vyake, nyumba zikapangwa kwa mistari, kila familia na mlango wake, na kampuni ndiyo iliyopaka chokaa, iliyobadili manjanja, iliyopima unga. Mzungu hakufanya hivyo kwa upendo. Alihesabu kwamba mtu mwenye nyumba anachimba vizuri zaidi. Mji ulipoacha jina la Jadotville na kuwa Likasi mwaka 1966, na kampuni kuwa Gécamines, mpango huo uliendelea: nyumba ilitoka kwa mwajiri. Watu wazima wa mji huu hawakuwahi kununua mlango wala kuomba mkopo wa kujenga, kwa sababu hawakuhitaji.

Halafu Gécamines ikaanguka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na shaba iliyokuwa ikihesabiwa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980 ikashuka mpaka chini ya tani 100,000. Mwaka 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wakaondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, kila mmoja na bahasha yake. Wengine wao ni baba zetu. Bahasha iliisha, na nyumba ilibaki bila mtu wa kupaka chokaa. Leo ingieni kambi yoyote: ndani ya kiwanja kimoja kuna nyumba ya mzee, pembeni kibanda cha mtoto aliyeoa, nyuma chumba kinachopangishwa mchimbaji wa kobalti aliyetoka mbali, na choo kimoja kwa wote. Hapo ndipo upungufu wa makazi ulipojificha, na hauonekani kwenye ramani kwa kuwa kiwanja kinahesabika kuwa na nyumba moja.

Kuna na kidonda kingine, sitakipita kimya. Mwaka 1992 na 1993 majirani zetu wa asili ya Kasai walitolewa ndani ya nyumba za mji huu. Maelfu walilala kwenye stesheni yetu wiki na miezi wakingojea treni, wengine wakafia pale. Nyumba zao hazikubaki tupu. Wapo waliorudi baadaye wakakuta jina jingine kwenye mlango. Ndiyo maana mtu wa Likasi akisikia serikali inagawa nyumba anauliza kwanza: kwa orodha gani, iliyoandikwa na nani, na nikisafiri nitaikuta?

Ninyi mnafikiri kwa ukuta, sisi tunafikiri kwa karatasi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Taifa. Raia anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inakuwa imara akiwa na hati ya usajili mkononi. Ni wangapi Kikula wenye hati hiyo? Njia yake ni ndefu: kadasta, mpimaji, ofisi ya ardhi, muhuri, kurudi kesho. Basi nawauliza kabla ya ubao wa kwanza kupigwa msumari: ofisi ya ardhi itaihesabu nyumba ya mbao kuwa jengo la kudumu, lenye kumpa mtu haki kamili ya kiwanja, au itaiita kibanda cha muda? Ikiitwa ya muda, mtakuwa mmemfukuza mtu mapema kwa njia ya adabu. Siku mwekezaji atakapokitamani kiwanja kile, ataambiwa kwamba pale hapakuwa na nyumba, palikuwa na mbao. Jibu hilo liandikwe na kutiwa sahihi, na hati itoke siku moja na ufunguo, kwa jina la mume na la mke wote wawili.

Wapangaji nao msiwasahau. Sheria ya tarehe 31 Disemba 2015 imeweka kwamba garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi 3. Piteni Kikula jioni, muulize kijana anayetafuta chumba ameombwa miezi mingapi. Kuitekeleza sheria hiyo hakuhitaji ubao hata mmoja, na wapo watakaolala ndani wiki hiyo hiyo.

Jambo la kiwanja lina sura nyingine ambayo watu wa mipango hawaipendi. Ardhi iliyo rahisi kupatikana mjini kwetu mara nyingi ni ile ambayo hakuna anayeitaka, karibu na mitambo na mabaki ya madini. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, akiwemo Daktari Célestin Banza Lubaba Nkulu, walichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo vya watu wa kusini mwa Katanga: waliokaa karibu na migodi na viwanda walikutwa na kobalti nyingi mno mwilini, na watoto kuliko wakubwa. Vumbi ndilo linalobeba. Ukuta wa mbao usiofungwa vizuri una nyufa, na kila ufa ni mlango wa vumbi. Kwa hiyo mradi wowote upande wa Shituru upimwe udongo kwanza, na kama udongo ni mbaya, hata jumba la mawe lisijengwe pale.

Mtauliza: basi mzee huyu anataka nini?

Nataka mbao zitumike pale zinaposhinda. Paa, dari, milango, ngazi, ghorofa ya juu juu ya kuta za udongo. Kuta za chini nataka zijengwe kwa udongo wetu wa kichuguu usiochomwa: unachanganywa na simenti kidogo, unashindiliwa ndani ya mashine ya mkono, unaachwa ukomae kwa unyevu. Tanzania wamelisukuma tofali la namna hiyo kwa miaka mingi kupitia wakala wao wa utafiti wa nyumba. Halili gogo hata moja. Na pale ambapo familia inataka nyumba nzima ya mbao, iwe ni mbao ya mti uliopandwa. Vukeni mpaka tu, mtazame Copperbelt: Wazambia walianza kupanda misonobari na mikaratusi tangu miaka ya 1960 kwa ajili ya migodi yao, na leo shirika lao la ZAFFICO linasimamia mashamba ya miti ya takribani hekta 50,000. Shaba yao na yetu ni mwamba mmoja. Sisi tulichimba, wao walichimba na kupanda. Hapo sina la kuongeza ila kwamba inaniuma.

Fedha zipo, wala si za kuomba nje. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwezi wa 3 mwaka 2018 inaugawa mrabaha wa migodi hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa utawala wa chini ambako mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Programu ya maendeleo ya maeneo 145 inayotoka Kinshasa imelenga teritware, si miji. Mji kama Likasi uko nje yake, Kambove iko ndani. Basi sehemu yetu itoke kwenye ile 25 na ile 15. Anayepanda mkaratusi leo atakata nguzo baada ya miaka minane hivi, na mbao baadaye zaidi. Ni muda mrefu kuliko muhula wa gavana, najua. Ndiyo sababu mradi kama huo haujawahi kuwa na baba.

Na kabla ya nyumba mpya hata moja, kambi. Tumeni mafundi wa chuo cha ufundi pamoja na wazee wa kambi, waandike kila nyumba ya Panda na Shituru inayoweza kuokolewa kwa paa jipya, mfereji na choo cha pili. Mbao za kwanza za mradi wenu ziende kwenye mapaa hayo. Nyumba ambayo kuta zake zimesimama miaka 80 na inavuja ni nyumba ya bei rahisi kuliko zote mtakazoonyeshwa kwenye picha.

Ombi langu kwenu ni moja, na lina tarehe. Mvua zetu zinaanza mwezi wa 11. Kabla ya hapo itisheni mkutano wa wazi hapa Likasi, mje na mchoro, bei, orodha na jibu la ofisi ya ardhi juu ya hati. Waiteni wafyatua matofali, maseremala, wauza makala, wapangaji, wajane wa Gécamines na wakuu wa komini zote nne. Mkiwa hamna mpango wa nyumba za mbao, mje pia mtuambie mna mpango gani. Tutakuja kwa wingi, na tutauliza bei ya kila ubao.

Kwa heshima,

Mkaaji wa Kikula, Likasi